Haidari wa Wiki Hii na Asali ya Busunzu

Jina la Wiki Hii alipewa Haidari, fundi cherehani wa barazani pa duka la Omary katika soko la Kasulu, na aliyempa ni Omary mwenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2014. Siku biashara ilipokuwa nzuri, Omary alikuwa na desturi ya kumtolea fundi wake soda. Siku moja Haidari aliisukuma chupa pembeni ya cherehani na kueleza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali, kwamba wiki hii yeye na mkewe hawanywi soda. Wiki iliyofuata aliletewa chapati, akasema wiki hii hawali chapati. Wiki ya tatu kijana wa bodaboda aliposimama jioni ampeleke nyumbani, akajibiwa kwamba wiki hii hawapandi pikipiki. Omary alicheka hadi akaegemea gunia la mchele.

"Na wiki ijayo, fundi? Mtaacha kuvuta pumzi?"

Tangu hapo jina halikumtoka. Akina mama waliokuja kuchukua sare za watoto walimwuliza Omary kama Wiki Hii yupo. Vijana wa sokoni walimpa shikamoo kwa adabu zote, kisha wakataka kujua leo kimekatazwa nini. Haidari hakulipenda jina hilo hata kidogo. Baba yake alikuwa mtu wa pwani, aliyefika Ujiji na biashara ya vitambaa na baadaye akapanda milima hadi Kasulu. Mwanawe alikua akiitwa kwa jina lake kamili, na alipokuwa fundi aliitwa Fundi Haidari, wala hakuna aliyepunguza wala kuongeza neno. Kilichomkera zaidi ni kwamba masharti hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya mkewe, Asmahani, naye Haidari alikuwa ameyakubali kwa sababu ambazo hakutaka kuzieleza sokoni.

Sababu ya kwanza ilikuwa ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia Haidari alianza kuwa na kiu isiyokatika, na miguu yake ikawa inakufa ganzi juu ya pedeli ya cherehani. Katika kliniki aliambiwa ana sukari. Muuguzi, binti mpole wa Kiha, alimpa vidonge na kumweleza mambo ya kufuata: apunguze vitu vitamu, mafuta na unga uliokobolewa, aongeze mboga za majani, atembee kwa miguu kila siku. Haidari aliitikia kwa kichwa kila neno. Alipotoka nje ya geti alimwomba mkewe jambo hilo lisivuke kizingiti cha nyumba yao. Fundi mgonjwa, alisema, hukimbiwa na wateja.

Sababu ya pili ilikuwa Bi Tunu, mama yake Asmahani, aliyeishi Pangani. Macho ya Bi Tunu yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka. Kila alipopigiwa simu aliuliza swali lile lile: binti yake atakwenda lini, kwa sababu alitaka kumwona kwa macho kabla hajalazimika kumwona kwa mikono. Asmahani hakuwa amekanyaga Pangani tangu mtoto wao Saady alipokuwa anaanza shule, na sasa Saady alikuwa mtu mzima anayefanya kazi Mwanza. Kutoka Kasulu hadi Pangani ni safari ya kubadili mabasi na kulala njiani, na nauli yake haiokotwi katika mfuko wa fundi wa sare.

Asmahani alikuwa mwanamke wa kufikiri taratibu. Aliyatazama makatazo ya muuguzi, akaona kwamba karibu vyote alivyokatazwa mumewe ndivyo vilivyokuwa vikila fedha za nyumba: soda, chapati, sukari, mafuta, pikipiki ya jioni. Kwa hiyo alitengenezesha kibubu cha mbao chenye tundu moja juu, akakiweka jikoni, akasema kwamba kila watakachoacha, thamani yake itaingia humo, na kibubu kikijaa atakwenda kumwona mama. Kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni waliketi jikoni na kukubaliana sharti la wiki. Lilikuwa sharti moja jipya tu, yaliyotangulia yakiendelea, kwa kuwa alimjua mumewe: akipewa makatazo kumi kwa pamoja angeyakubali yote na asitimize hata moja.

Wiki za mwanzo zilipita vizuri, ukiondoa kelele za Omary. Wiki ya dona ndiyo iliyomwudhi Haidari kweli. Alikuwa amelelewa kwa ugali mweupe wa muhogo, laini, unaoteleza; dona, alilalamika, ilimkwaruza koo kama maranda ya seremala. Asmahani alimjibu kwamba koo litazoea. Ikafuata wiki ya kupika bila mawese. Maharage yalikuja mezani yakiwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na Haidari aliyala kimya, kijiko kwa kijiko, kama mtu anayelipa faini kwa mafungu. Asmahani mwenyewe hakuyafurahia. Alikuwa amejifunza kupika kwa nazi, akahamia mahali pasipo na nazi, akajifunza kupika kwa mawese, na sasa alikuwa hana hili wala lile. Lakini alikuwa akikiinua kibubu kila asubuhi anapofagia, na uzito wake ulimpa nguvu ya kuendelea.

Katikati ya wiki hiyo ya mawese ikatokea harusi mtaani. Haidari alikaribishwa kwenye sinia la pilau pamoja na wazee wengine. Mchele ulikuwa uking'aa kwa mafuta. Alichota punje chache, akazitafuna muda mrefu, kisha akaurudisha mkono wake magotini. Kwenye sinia la watu wanne, mkono mmoja ukitoka, mingine yote husimama. Baba wa bibi harusi alimwuliza kwa upole kama ameona kitu kibaya katika chakula. Haidari alijibu kwamba hakuna kitu, ila ameshiba. Hakuna aliyeamini kwamba mtu anaweza kufika harusini akiwa ameshiba. Kabla jua halijazama ilikuwa imekwisha kusemwa nyumba mbili tatu kwamba Fundi Haidari anaogopa kuwekewa kitu kwenye chakula, na katika sehemu hizi hilo si neno dogo. Humfanya mwenye chakula aonekane mchawi mbele ya wageni wake.

Asmahani alipolisikia alitaka mumewe aende akaombe radhi.

"Niende nikaseme nini?" Haidari alimwuliza. "Kwamba mke wangu ana kibubu?"

"Kaseme una sukari."

"Hilo sisemi."

Basi akaenda Asmahani mwenyewe, akasema mumewe alikuwa anaumwa tumbo. Alikuwa hajapata kusema uongo kwa majirani wale, na aliona ajabu kwamba chakula cha afya ndicho kilichomfikisha huko.

Mvua za masika zilipokwisha, walifika kwenye sharti ambalo wote wawili walikuwa wakiliogopa: wiki bila sukari. Haidari aliweza kuishi bila soda na bila pilau, lakini chai yake ya asubuhi ilikuwa tamu kiasi kwamba kijiko kilikaribia kusimama chenyewe. Siku ya kwanza aliinywa chungu, akaenda kazini na uso uliokunjamana. Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Siku ya tatu akaja Leonidasi kutoka Busunzu.

Leonidasi alikuwa mkulima na mfuga nyuki, na watoto wake wote walivaa sare zilizoshonwa na Haidari. Kwa miaka mingi walikuwa na utaratibu wao: nguo zilishonwa wakati wa kufungua shule, na ujira wake ulikuja kwa asali wakati wa kurina. Alishuka kwenye gari la Kibondo akiwa na dumu begani na chupa ndogo mkononi, akasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akavitua vyote viwili miguuni pa cherehani. Dumu lilikuwa la asali ya kawaida, alieleza. Chupa ilikuwa ya nyuki wadogo, na hiyo si chakula, ni dawa.

"Babu yangu aliinywa mpaka anakufa," Leonidasi alisema.

Omary alichungulia kutoka dukani. "Na alikufa na nini?"

"Uzee. Sukari hakuwahi kuugua."

Haidari aliposikia neno hilo aliacha kukanyaga pedeli. Hakuuliza zaidi, asije akajulikana, ila jioni hiyo alilibeba dumu nyumbani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Ni lazima ielezwe kwa haki kwamba hakuna aliyemdanganya mwenzake. Asmahani alikuwa amelelewa na Bi Tunu kwa asali; kikohozi asali, kidonda asali, tumbo asali. Msikitini Haidari alikuwa amesikia mara nyingi kwamba ndani yake mna shifaa, yaani uponyaji. Na katika nyanda hizi za juu, ambako mizinga hutundikwa katika kila msitu wa miombo, mzazi aliyejifungua hupewa asali kabla hajapewa uji. Sukari ni ile ya kwenye gunia, inayotoka kiwandani. Asali ni kitu kingine. Kwa hiyo Asmahani aliliweka dumu si karibu na kopo la majani ya chai, bali kwenye rafu ya vidonge vya mumewe. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, na walilifanya kwa nia safi kabisa. Kilichowekwa kwenye rafu ile kilikuwa dawa, na dawa haikuhusika na sharti la wiki, wala hakuna aliyeipima.

Chai ikarudi kuwa tamu. Haidari akaanza kuimba kidogo anapovaa viatu. Alilamba kijiko cha asali ya nyuki wadogo alfajiri, akatia asali kwenye uji, akatia kwenye chai, akalamba tena usiku kabla ya kulala, na Asmahani ndiye aliyekuwa akimkumbusha asipoteze dozi. Waliona sharti hili ni jepesi kuliko yote, wakakaa nalo wiki ya pili, kisha ya tatu, bila kuongeza jingine. Fedha ya sukari iliingia kwenye kibubu bila kukosa. Dumu lilipokwisha, Asmahani alinunua asali nyingine stendi kwa wauzaji wa barabarani, ambayo ni ghali kuliko sukari, lakini alitoa fedha yake kwenye mkoba wa mboga na akaihesabu kuwa matibabu. Aliona mkoba unakwisha mapema. Alidhani nyanya zimepanda bei.

Walikwenda kliniki mapema asubuhi, wakiwa wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kupokea cheti. Yule muuguzi alimtoboa Haidari kidole, akatazama mashine, akamtoboa kidole kingine, akaitazama tena. Kisha akamwuliza anakula nini. Haidari alieleza kwa fahari: dona, mboga za majani, maharage bila mawese, hakuna soda, hakuna chapati, anatembea kwa miguu kwenda na kurudi. Na sukari, alimalizia, haijaingia ndani ya nyumba yake tangu mvua zikatike.

Muuguzi alishangaa. "Chai mnakunywaje, baba?"

"Kwa asali."

"Kijiko kimoja?"

Hapo Asmahani akaingilia. "Ni dawa, mwanangu. Tunampa kutwa mara nne, pamoja na ile ya uji."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Hakucheka, na hilo waliliona kuwa baya zaidi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mwili wa baba hauulizi kama utamu umetoka kiwandani au mzingani; ukifika kwenye damu ni ule ule. Aliwaambia sukari imepanda kuliko siku ya kwanza walipofika. Aliongeza aina ya pili ya vidonge, ambayo siku hiyo haikuwapo kwenye dirisha la dawa la kliniki na ingebidi inunuliwe duka la dawa, akawataka warudi mara kwa mara mpaka hali itulie. Mwishoni alimgusa Asmahani begani na kumwambia kwamba si wao wa kwanza kufanya hivyo.

Walirudi nyumbani wakitembea, mume mbele, mke nyuma. Mchana huo Asmahani alikipasua kibubu kwa mpini wa shoka. Alitenga fedha ya dawa, akatenga ya kurudi kliniki, akazitazama zilizobaki. Zingemfikisha Kahama, labda, na kumwacha hapo stendi.

Haidari alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kwa hasira kwamba masharti haya yaishe leo. Alikuwa amekula dona, amekula maharage ya bweni, ametangazwa harusini kuwa anaogopa uchawi, amepewa jina la kihuni na watoto wa sokoni, na baada ya yote hayo damu yake ni mbaya kuliko ya mtu aliyekaa akinywa soda. Alitaka kujua amepata nini.

"Na mimi nimepata nini, Baba Saady?" Asmahani aliuliza. Alikuwa bado anaokota vipande vya mbao sakafuni. "Nimeacha vyote ulivyoacha wewe, na siumwi."

Haidari aligeuza uso akatazama uani.

"Nikwambie jambo? Hata nauli ingetimia leo, nisingekwenda. Nikikuacha hapa siku mbili, utakula chapati kwa Omary asubuhi na jioni utapokea kila sahani itakayopita mlangoni, kwa sababu huwezi kupika na huwezi kumwambia mtu kwamba unaumwa. Nitarudi nikukute umelazwa. Mama ananingoja mimi, na mimi nakaa hapa nikikulinda wewe kama mtoto."

Maneno hayo yalimkaa Haidari. Wiki nzima alivunja sindano, akakosea vipimo, akafumua mikono ya mashati aliyokwisha kuishona. Omary alipomtania hakumjibu hata kwa kununa. Jumamosi ilipofika, Asmahani hakuwa ameandaa sharti lolote. Aliona hakuna haja. Ni Haidari aliyevuta kigoda jikoni na kusema kwamba wiki hii atapika yeye.

"Wewe?" Asmahani alisema.

"Mimi. Na wewe utakaa."

Haitakuwa kweli kusema kwamba alifanya vizuri. Ugali wa dona ulitoka na mabuje makubwa ambayo ndani yake unga ulikuwa bado mkavu. Mchicha aliupika na mchanga wake. Moshi ulimtoa machozi, kuni zikazimika, akapuliza, majivu yakaruka hadi kwenye sufuria. Asmahani alikaa kwenye kigoda akiwa ameikalia mikono yake, kwa sababu kila ilipokuwa huru ilikwenda yenyewe kwenye mwiko. Alikuwa ameagizwa asiguse, na kukaa kule kulimchosha kuliko kupika. Mara moja alishindwa, akasema maji hayajachemka. Haidari akamimina unga hapo hapo, kwa ukaidi, na wote wawili wakala uji mzito wakiwa wamenuniana.

Kazi nayo ilivurugika. Alifika barazani akiwa amechelewa, ananuka moshi, na akina mama waliahidiwa sketi za watoto kesho na kesho kutwa. Wiki ya pili mabuje yalipungua. Wiki ya tatu alijua kuosha mchicha kwa maji ya kwanza, ya pili na ya tatu, na maharage yake yalikuwa yameiva japo hayakuwa na ladha ya kitu chochote. Alipokwenda kupimwa, muuguzi alisema sukari imeshuka kidogo. Haidari alitegemea pongezi kubwa zaidi. Neno hilo "kidogo" alilibeba njia nzima ya kurudi, na lilimwuma.

Wakati huo huo Bi Tunu alipiga simu. Mara hii hakuuliza binti yake atakwenda lini. Alisema tu kwamba jirani yake alipita asubuhi na yeye hakumtambua hadi jirani huyo aliposema. Asmahani aliposhusha simu alianza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Kesho yake Haidari aliuza baiskeli yake. Tangu aagizwe kutembea ilikuwa imeegeshwa ukutani tu. Pamoja na mabaki ya kibubu, bei yake ilitosha nauli. Alimkabidhi mkewe fedha hizo mkononi, lakini alijua kwamba fedha peke yake hazitamtoa mlangoni. Lilikuwa limebaki la majirani. Mke anaposafiri, mtaa mzima humwonea huruma mume; kila jioni sahani zingekuja, zimefunikwa, zina mawese na vitu vya kukaanga, na kuzirudisha ni kurudia aibu ya harusini.

Kwa hiyo jioni moja, Omary alipokuwa anafunga duka na mkewe Bi Zuhra amekuja kumsaidia, Haidari alibaki amesimama barazani, kofia mkononi.

"Omary, nina sukari," alisema. "Tangu mwaka jana."

Omary alikuwa ameshika kufuli. Alifungua mdomo, na ilionekana wazi kwamba mzaha ulikuwa tayari ulimini, lakini aliufunga tena.

"Yale ya wiki hii, wiki hii…"

"Ndiyo hayo."

"Sasa si ungesema, ndugu yangu? Nimekucheka miezi yote hii."

Haidari alieleza kwamba mkewe anasafiri, kwamba atajipikia mwenyewe, na kwamba anawaomba, kwa heshima zote, wasimpelekee chakula, na wawaombe wengine pia, bila mtu kuona amedharauliwa. Bi Zuhra hakusema pole wala hakushangaa. Aliuliza tu kama anajua kuosha mchicha. Haidari akasema anajua.

Alikuwa ametegemea kwamba akishasema atapumzika. Haikuwa hivyo. Asubuhi iliyofuata soko zima lilikuwa limejua, na kila mtu alikuwa na tiba. Mmoja alimletea mizizi, mwingine majani ya mti ambao hakuujua jina, wa tatu alitaka kumpeleka kwa mtu wake Kibondo. Mama mmoja ambaye sketi za binti zake zilikuwa bado hazijakwisha alimwekea juu ya cherehani chupa ya asali ya nyuki wadogo, akamwambia alambe kutwa mara nne. Haidari alimshukuru, akaiweka chini ya meza, na kukanyaga pedeli kwa nguvu hadi uzi ukakatika.

Asmahani aliondoka kwa basi la alfajiri. Usiku alikuwa amemwonyesha mumewe mahali pa chumvi, mahali pa dona, mahali pa vidonge, kisha akaonyesha tena. Pale stendi hakutoa maagizo mengine. Alimshika mumewe mkono kupitia dirishani, akauachia basi lilipoanza kutembea.

Jioni ya kwanza Bi Zuhra hakuweza kujizuia. Alileta bakuli la mchicha usio na mafuta, na chini ya mchicha alikuwa ameficha kipande cha samaki wa kukaanga, mgebuka, kwa ajili ya nguvu. Haidari alikigundua alipofika katikati. Alikitazama muda mrefu. Kisha akakifunika na kukirudisha kwa Bi Zuhra, nyumba ya pili kutoka kwake, akamwambia ahsante, mboga ilikuwa nzuri, samaki ampe Omary. Bi Zuhra alikipokea na uso umeinama. Alisema amesikia. Haidari alirudi kwake akiwa na hasira, na njaa, na hakujua amkasirikie nani.

Simu kutoka Pangani iliingia siku ya nne jioni, alipokuwa amemaliza kula ugali wake na kuketi. Sauti ya Asmahani ilikuwa na uchovu wa barabara. Alieleza kwamba amefika tangu mchana. Mama yake alimshika mkono, akamtoa hadi mlangoni kwenye mwanga, akamgeuza upande huu na upande huu, akamtazama.

"Amekuona?" Haidari aliuliza.

"Ameniona. Amesema nimekonda."

Upande wa pili Haidari alisikia kikohozi cha mwanamke mzee na vyombo vikigongana.

"Umekula nini?" Asmahani aliuliza.

"Dona. Na majani ya maboga."

"Mafuta?"

"Sikutia."

"Mabuje?"

"Mawili."

"Na sufuria? Umeosha?"

Haidari aliitazama sufuria. Ilikuwa pale pale jikoni ilipoepuliwa, na ugali ulikuwa umeganda chini. Alisema alikuwa anakwenda kuiosha. Asmahani akamwambia aende, maana salio la mama ni dogo, na simu ikakatika.

Aliibeba sufuria hadi uani. Alikuwa amesahau kuilowanisha, na ukoko ulishika chuma kama lami. Alimimina maji, akasugua kwa majivu; haukutoka. Aliongeza mchanga, akasugua kwa kitambaa cha gunia hadi vidole vikauma pale alipotobolewa. Alisema maneno ambayo hangeyasema mbele ya mtu. Akamwaga maji machafu, akatia mengine, akaanza tena kutoka ukingoni kuelekea katikati, kidogo kidogo, mpaka kiraka cha mwisho kikaachia. Aliisuuza, akapitisha mkono ndani yake kuhakikisha ni laini, akaifunika juu ya kichanja ili ikauke.